Hakuna Aliyesimama Langoni

Supu ile ilikuwa tamu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ingekuwa chapwa ningejisifu kwamba mdomo wangu ulihisi jambo, lakini ilikuwa tamu, na mimi mtu mzima nikaomba bakuli la pili.

Nilikuwa nimerudi kutoka hospitali ya Akureyri, nilikolazwa kwa ajili ya jicho, na bado nilikuwa na kibandiko usoni. Mdogo wangu Hreinn alinipokea mlangoni akiwa amevaa aproni yangu. Hapo hapo nilipaswa kushtuka. Tunaishi wawili tu hapa shambani Hóll tangu mama afariki, yeye hakuoa na mimi sikuolewa, na katika miaka yote hiyo sijamwona Hreinn akipika kitu kigumu kuliko yai la kuchemsha. Siku hiyo kapika supu ya kondoo yenye viazi na karoti, kapanga vijiko, kafuta hata meza.

"Kaa ule, dada," akasema. "Safari ndefu hiyo."

"Umechinja?"

"Nimechinja mmoja wa kula nyumbani. Wale wa kuuzwa lori limewabeba juzi."

"Nyama imelainika," nikasema. "Naona umeichemsha sana."

"Ilibidi," akasema, akainamia bakuli lake.

Kesho yake asubuhi nikavaa buti nikaenda bandani kuona kazi iliyobaki kabla ya baridi. Mbao za sakafu zilikuwa zimeng'olewa na samadi ya chini imeshazolewa, hilo nilimsifu kimoyomoyo. Kisha nikageuka, na kwenye msumari ulio kando ya mlango nikaona kengele ya shaba. Kengele ile haitundikwi mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Oktoba mahali pake ni shingoni mwa Golsa.

Nikatazama chini. Ngozi mbichi ilikuwa imetandazwa pale, imepakwa chumvi vizuri kabisa, kazi ya mtu asiye na haraka. Mgongo mweupe, tumbo jeusi. Hatukuwa na kondoo mwingine mwenye rangi hiyo.

Mtu asiyefuga atasema kondoo ni kondoo. Golsa hakuwa wa nyama. Alikuwa kondoo wa kutangulia, wa ukoo ule wa miguu mirefu na mwili mwembamba ambao hapa Aisilandi shamba lenye akili halikosi angalau mmoja. Wengine wananenepa, hawa wanafikiri. Dhoruba ikiwa njiani, Golsa alikuwa anaijua kabla ya redio. Alikuwa anaacha majani ng'ambo ya mto, anavuka daraja, kundi lote nyuma yake, halafu anakuja kusimama langoni akilikodolea macho dirisha la jikoni mpaka mtu atoke. Sisi kazi yetu ilikuwa kunywa kahawa na kutazama lango. Lango likiwa tupu, siku ni njema, kila mtu aende kwenye shughuli zake. Golsa akiwa langoni, tunafungua banda hata kama jua linawaka. Ndivyo mama alivyofanya na kondoo wa zamani zake, na bibi naye na wa kwake. Golsa alitoka katika ukoo huo huo.

Hreinn nilimkuta juu ya paa la ghala akifunga mabati kwa kamba ili upepo usiyang'oe.

"Shuka," nikamwambia.

"Nimalizie upande huu."

"Hreinn, shuka kabla sijaiondoa hiyo ngazi."

Akashuka taratibu, akasimama akijifanya anakunja kamba. Nikamwuliza Golsa yuko wapi, ingawa nilikuwa najua. Nilitaka aseme kwa mdomo wake.

"Sikiliza kwanza, dada," akaanza. "Alikuja yule mtu wa kupima unono, na mashine yake. Kawapima wote migongo. Golsa kawa wa mwisho. Yaani wa mwisho kabisa, mfupa na ngozi. Mwaka huu hakuzaa. Majani yenyewe umeyaona, kiangazi chote mvua, nusu yameoza yakiwa chini. Nitamlisha kwa kipi?"

"Unampima mgongo kondoo wa kutangulia?"

"Nimepima wote. Utaratibu ni utaratibu."

"Basi mlete huyo mtu na mashine yake aje akupime wewe kichwa, tuone atakuta nini."

"Wewe mwenyewe ulisema Agosti tupunguze midomo."

"Nilisema midomo, sikusema Golsa. Na kwa nini usingoje nirudi? Ulingoja niwe hospitali, jicho moja limefumbwa."

Akaifungua kamba, akaanza kuikunja upya.

"Na ile supu?" nikauliza.

"Supu uliisifu," akasema.

Sijawahi kumpiga mdogo wangu tangu tulipokuwa watoto, na siku ile pia sikumpiga, lakini mkono uliniwasha. Nilikwenda nyuma ya banda nikajaribu kutapika. Haikuwezekana, ulikuwa umepita usiku mzima, tumbo lilishamaliza kazi yake. Nikarudi bandani nikaitoa kengele msumarini, nikaisokomezea sufu ndani ili isilie, nikaitia kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Nilitaka kila nitakapotia mkono mfukoni nikumbuke. Nilikumbuka kila mara, na kila mara damu ilinichemka upya.

Tangu hapo nikakata kauli kwamba Hreinn na mimi hatuna maneno.

Tatizo ni kwamba shamba halijui mambo ya kununiana. Baridi ilikuwa inakuja, na kazi za kabla ya baridi karibu zote ni za watu wawili. Robota la majani lililofungwa kwa plastiki, mmoja anaendesha trekta na mwingine anaelekeza. Dirisha la banda, mmoja anashika mbao na mwingine anapigilia. Kondoo dume wa kunyweshwa dawa ya minyoo, mmoja anamkaba pembe na mwingine anamtia dawa mdomoni. Kwa hiyo tukawa tunazungumza kupitia kwa mbwa.

Mbwa wetu anaitwa Skotta. Ni jike, mzee kidogo, mwenye subira kuliko sisi sote.

"Skotta," nilikuwa nasema, "mwambie bwana mkubwa arudi nyuma kidogo, asije akaniponda miguu kama alivyoponda kila kitu hapa."

"Skotta," Hreinn alikuwa anajibu kutoka kwenye trekta, "mwambie dada miguu yake iko mbali sana, labda ni jicho."

"Skotta, mwambie jicho limepona. Sasa naona mpaka yaliyofanyika nikiwa sipo."

Skotta alikuwa anatutazama kwa zamu, mkia chini. Hakuwa na raha, maskini.

Siku ya kujaza matumbo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kila mwaka kipindi hicho tunakorogea damu ya kondoo unga na mafuta, tunaijaza ndani ya matumbo yaliyosafishwa, tunayashona kwa sindano na kuyachemsha, kisha yanaingia kwenye pipa la maji makali ya mtindi yakae humo mpaka majira ya kuchipua majani. Mmoja anashika tumbo mdomo wazi, mwingine anashona. Mbwa hawezi kushona. Tukakaa magoti kwa magoti mchana kutwa, mikono imejaa damu mpaka viwikoni.

Gunnvör, jirani yetu wa bonde la chini, akaingia kuomba sufuria kubwa. Hana habari ya kubisha hodi. Akasimama katikati ya jiko akatusikiliza.

"Skotta, mwambie asivute sana, ataichana," nikasema.

"Skotta, mwambie anayechana ni yeye na sindano yake ya kushonea magunia," akasema Hreinn.

"Hivi nyie mna akili timamu?" akauliza Gunnvör. "Watu wazima, mvi mpaka kwenye nyusi, mnamtuma mbwa?"

"Muulize alichokula," nikasema.

"Alichokula nani?"

"Muulize tulichokula wote."

Hreinn akamweleza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Gunnvör alikaa kitako juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatikisa kichwa.

"Golsa yule wa langoni? Eh, Hreinn. Mimi ningekuwa dada yako Oddný ningekuzibia choo." Kisha akanigeukia. "Lakini na wewe, mwenzangu, kondoo ameshakwenda. Utanuna mpaka lini? Baridi haiwasubiri mpatane."

"Baridi na ije," nikasema. "Sisi tuko tayari."

Nilijiamini kwa sababu kila kitu kilikuwa kimefanyika. Viazi vilikuwa shimoni, mabati yamefungwa, mafuta ya jenereta yamejaa, majani yote yako ndani na yamegawanywa kwa hesabu ya bahili. Kilichobaki ni kondoo wenyewe. Hao tuliwaacha ng'ambo ya mto wale nyasi za mwisho za nje, kwa kuwa kila siku waliyokula kule ilikuwa siku moja ya majani iliyookolewa nyumbani. Tungewaingiza hali ya hewa ikiharibika, kama kila mwaka. Hatukuwa na mali nyingine. Wakifa hao, shamba la Hóll limekwisha, tungebaki na nyumba na mbwa tu.

Asubuhi ile redio ilisema upepo mkali wa kaskazini na theluji nyingi kuanzia mchana. Niliisikia vizuri, nilikuwa nakoroga uji. Nikafanya nilichofanya maisha yangu yote, nikainua macho nikatazama lango. Lango lilikuwa tupu. Moyo wangu ukatulia. Redio inasema mengi, nikajiambia, mara nyingi inawatisha watu wa pwani. Nikaizima nikala uji.

Hreinn naye aliisikia kwenye trekta. Aliniambia baadaye. Naye aligeuza shingo akatazama lango, akaona hakuna kitu, akaendelea kusomba mawe ya kuzuia mlango wa ghala. Kama tungekuwa tunasemeshana, mmoja wetu angemwambia mwenzake, umesikia redio, na mwingine angejibu, lango liko tupu, na hapo pengine sikio lingeshtuka kwa kusikia upuuzi wetu wenyewe. Lakini mwenye kupeleka habari alikuwa Skotta, na Skotta alikuwa amelala chini ya meza.

Adhuhuri ilipopita kidogo, dirisha likagongwa na punje za barafu. Nikatazama nje. Mlima wa kaskazini haukuwepo tena, mahali pake palikuwa na ukuta mweupe unaokuja. Jicho likaenda langoni lenyewe, kwa mazoea. Tupu. Na nusura nitulie mara ya pili, kweli, nusura nirudi kwenye vyombo. Ndipo nikajiuliza, nani angesimama pale?

Nikatoka mbio. Hreinn alikuwa amesimamisha trekta katikati ya ua, mlango wazi, ametoa mguu mmoja nje. Alikuwa analitazama lango. Kisha akanitazama mimi. Rangi yote ilikuwa imemtoka usoni. Hakuna aliyemtuma mbwa. Tulichukua fimbo tukaanza kukimbia.

Tulipovuka daraja la mbao theluji ilikuwa imeshatufikia. Upepo ulikuwa mgongoni, unatusukuma, na hilo lenyewe lilinitia hofu, maana kurudi tungekuwa nao usoni. Kondoo tuliwakuta pale wanapokwenda kondoo wasio na wa kuwaongoza, chini ya ukingo wa mto, mahali ambapo upepo haufiki. Wanaona wamepata nyumba. Hawajui kwamba pasipofika upepo ndipo theluji inapomwagika, na inajaa kutoka juu mpaka mahali pawe kaburi. Waliokuwa ukingoni kabisa walishafunikwa mpaka mabegani.

Tukawatoa kwa fimbo na kwa kelele. Skotta alibweka mpaka sauti ikamkauka. Walipanda ukingo, wakakutana na upepo, wakageuka wakarudi chini. Tukawapandisha tena. Wakageuka tena. Wanono wale, wenye migongo ya kusifiwa, kila mmoja alikuwa anamtazama mwenziwe amtangulie, na hakuna aliyetangulia. Nilimpiga mmoja fimbo kwa hasira mpaka nikaona haya. Kosa halikuwa lake.

"Hawaendi," Hreinn akanipigia kelele sikioni. "Hawaendi, dada."

Nilitia mkono mfukoni kutafuta glavu. Nikaigusa kengele.

Niliitoa, nikaichomoa ile sufu kwa meno, nikamsukumia kifuani.

"Ivae," nikamwambia. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia yeye mwenyewe tangu siku ya ngazi.

"Nini?"

"Ivae shingoni. Wewe ndiye uliyemwondoa, leo wewe ndiye Golsa. Haya, tangulia."

Alinitazama kama anadhani natania. Sikuwa natania, nilikuwa na hasira ya kutosha kuyeyusha barafu yote ile. Akafungua kamba ya suruali ya mvua, akaipitisha kwenye kengele, akajifunga shingoni kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kisha akapanda ukingo, akauelekezea upepo uso, akaanza kutembea huku amejiinamia, na kengele ikalia.

Kondoo wakainua vichwa. Niliona masikio yakigeuka, yote kwa pamoja. Jike mmoja akapanda, akafuata wa pili, halafu wakamiminika, na mimi na Skotta tukabaki nyuma tukiwasukuma waliozembea. Sikumwona Hreinn tena. Niliisikia kengele tu, mbele kule, ndani ya weupe, na naapa kuna wakati nilisahau. Nilisema kwa sauti, "Vizuri, Golsa, twende nyumbani." Kisha nikakumbuka, na nikalia kwa uchungu na hasira, machozi yakaganda hapo hapo kwenye kope za lile jicho lililotibiwa.

Kengele ikanyamaza. Kundi likasimama.

Nilipenya katikati yao mpaka mbele. Hreinn alikuwa amesimama, mikono imeninginia, barafu imemshika ndevu zote. Mbele yake hakukuwa na mbele.

"Sijui njia," akasema. "Yeye alikuwa anaijua. Mimi sijui njia, Oddný."

Nilikuwa nimengoja majuma mazima niyasikie maneno kama hayo. Nilikuwa nimepanga na majibu yake. Nikamshika mkono wa koti nikamvuta upande wa kulia mpaka tukausikia mto ukiunguruma chini ya barafu.

"Usiuache huo mlio," nikamwambia. "Ukiacha kuusikia, simama. Mto utakupeleka darajani, ukivuka ushike uzio mpaka langoni. Na tikisa shingo, kengele hailii yenyewe."

Akatikisa shingo. Tukaenda hivyo. Darajani kondoo walisita, akaenda akarudi, akaenda akarudi juu ya zile mbao akiitikisa kengele, mtu wa miaka karibu sitini, mpaka wakavuka. Tulipoufunga mlango wa banda nyuma ya yule wa mwisho tulijua si wote. Lakini hakukuwa na kwenda tena. Nje usingeuona mkono wako.

Upepo ulitulia siku ya pili. Tukarudi kwenye ule ukingo na mafito marefu. Skotta ananusa, sisi tunachomeka fito taratibu mpaka liguse kitu laini, kisha tunachimba. Baadhi tuliwatoa wazima, wakiwa ndani ya vishimo vilivyoyeyushwa na pumzi zao, wamekula sufu ya wenzao kwa njaa. Wengine walikuwa wamekufa wakiwa wamesimama. Tuliwalaza pembeni juu ya theluji, na safu ikawa inakua. Walikuwa wazuri sana. Wanono, migongo mipana, hao hasa waliompendeza yule mtu wa mashine.

Ningeweza kunyamaza. Sikunyamaza.

"Skotta," nikasema, "mwambie aangalie migongo hiyo. Migongo mizuri sana."

Hreinn aliliacha fito. Akakaa chini kwenye theluji, pembeni ya wale waliokufa, akavua glavu, akajifuta uso kwa mikono mitupu.

"Alikuja mwenyewe," akasema. Hakusema na mbwa, alisema nami. "Wengine wote lazima uwakimbize, umkamate mguu, umburute. Yeye nilisimama mlangoni nikamwita jina, akaja. Alidhani kuna safari."

Nilisimama pale. Nilitaka kumwambia neno litakalomuumiza zaidi, lakini nikaona hakuna lililobaki, alikuwa ameshalisema mwenyewe. Hasira yangu haikuisha. Ila sikujua tena pa kuiweka. Nikaliokota fito lake nikampa, tukaendelea kuchimba.

Theluji ile iliyeyuka, kama inavyoyeyuka mara nyingi ile ya kwanza, na nyasi zikaonekana tena. Majani ya ndani hayakutosha, ingawa sasa midomo ilikuwa imepungua kuliko alivyotaka mtu yeyote. Ikabidi mchana tuwatoe nje walionusurika, jioni tuwarudishe. Kila asubuhi swali likawa moja, leo tufungue banda au tusifungue. Kazi ya kufungua ilikuwa yangu, ya trekta na jenereta ilikuwa yake. Maneno bado yalikuwa machache. Kumtuma mbwa tuliacha, lakini hatukuwa tumepata kitu cha kuweka mahali pake. Tulikuwa tunapeana chumvi kimya kimya.

Asubuhi moja ya Novemba niliamka nikaweka kahawa jikoni. Nje kulikuwa kumetulia, anga safi, siku ya kutoa kondoo bila kufikiri. Redio sikuifungua. Naichukia redio tangu siku ile, kwa kuwa ilisema kweli. Nikainua macho nikatazama lango.

Hreinn alikuwa amesimama langoni.

Hakuwa anafanya kazi yoyote. Hakuwa na nyundo wala kamba. Alikuwa amesimama wima, mikono mfukoni, kengele shingoni kwa ile ile kamba ya suruali, analikodolea macho dirisha la jikoni. Akaniona nimemwona. Hakupunga mkono. Aliendelea kusimama vile vile.

Nilikaa na birika mkononi nikimtazama. Alikuwa ameisikiliza redio alfajiri, ameifahamu, na badala ya kuingia jikoni kuniambia kwa mdomo kama watu, ametoka akaenda kusimama pale kwenye umande wa barafu, sijui kwa muda gani, anangoja. Nilitaka kucheka na nilitaka kumrushia birika. Nikaliweka birika chini.

Nikavaa buti nikatoka. Kwanza nilipita bandani nikahakikisha komeo liko mahali pake, kondoo wote ndani. Kisha nikateremka mpaka langoni. Pua yake ilikuwa nyekundu, meno yanagongana.

"Lini?" nikamwuliza.

"Alasiri. Kaskazini tena, mbaya kuliko ile."

"Sifungui, basi."

"Usifungue."

Nikaitazama kengele ile kifuani pake, na ndevu zake, na miguu yake mifupi isiyo na ukoo wowote wa kutangulia. Sikuwa nimemsamehe. Sijui kama nitamsamehe.

"Ingia ndani unywe kahawa," nikamwambia, "utaganda. Na siku nyingine simama upande huu wa nguzo. Yeye hakuwahi kusimama huko."